Mshauri wa Shule Asishike Fimbo wala Kitabu cha Minervali

Maneno yaliyotolewa Goma katika mkutano wa wazazi wa chama na wafadhili



Mmeniomba nieleze kazi ya mshauri wa shule, yule ambaye kwenye masomo yetu watu wanamwita konseye. Najua sababu ya kuniomba leo: chama kinapaswa kuamua kama sehemu ya mfuko wa masomo itaenda kwake, au kama pesa yote itabaki ya yuniforme na daftari kama mwaka uliopita. Sitawazungusha. Mimi naona mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini anahitaji mtu mmoja ndani ya shule ambaye anaweza kumwambia ukweli bila kuogopa. Mtu huyo hawezi kuwa ndiye anayechapa, wala hawezi kuwa ndiye anayefukuza wasiolipa. Tukimlipa konseye na kumwacha afanye kazi hizo mbili, pesa ya chama itakuwa imepotea. Sasa nieleze sababu.

Kwanza tumjue ni nani, kwa kuwa majina ya wakubwa wa shule yanachanganya wazazi wengi. Direkta anaongoza shule ya msingi, prefe anaongoza sekondari. Direkta wa nidhamu anaangalia mwenendo: kuchelewa, kupigana, nguo. Konseye wa pedagojia anaangalia walimu na mafundisho yao. Konseye wa orientasio, huyu wa leo, anamwangalia mwanafunzi mwenyewe: anatoka wapi, anaelekea wapi, na nini kinamzuia kufika. Kazi hii ilianza mbali. Mwaka 1908, kule Boston, Marekani, mtu mmoja aitwaye Frank Parsons alisimamia ofisi ya kusaidia vijana kuchagua kazi inayowafaa. Baadaye shule zikaichukua, na polepole ikaonekana kwamba kijana hawezi kuchagua kazi ya kesho wakati jambo la jana bado linamkaba. Hapo kusikiliza kukaongezwa juu ya kuelekeza.

Kwetu Goma, jambo la jana si dogo. Kati yenu wamo waliokimbia moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 wakiwa wadogo, halafu tarehe 22 Mei 2021 wakakimbia tena, safari hii wakiwa wamebeba watoto wao wenyewe. Wamo waliokaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Vita vya Januari 2025 vilitukuta hapa mjini, na Februari kambi zikavunjwa: watu wakafunga mashiti na masufuria, wakashika njia ya Sake, Masisi, Kibumba, Rutshuru. Wengine walifika kwao, wengine walikuta nyumba haiko, wakarudi mjini kupanga. Mtoto wa miaka 12 aliyepita humo ameweza kubadilisha shule mara 4, na kila mara aliacha nyuma rafiki, mwalimu na buletini. Mtoto huyo akiingia kalasi mpya na kukaa kimya, mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake hatamwona. Anayepaswa kumwona ni konseye.

Basi kazi zake ni zipi? Nitazitaja tano.

Ya kwanza ni mapokezi. Mtoto anakuja bila karatasi. Wengi wetu tunajua jibu la haraka: "Hana buletini, arudie kalasi." Konseye mzuri hasemi hivyo. Anamkalisha, anampa jaribio fupi la Kifaransa na hesabu, anauliza mara ya mwisho alisoma wapi na kwa mwalimu gani, anatafuta shule ile ya zamani kwa simu. Kisha anampendekezea direkta kalasi inayomfaa. Na kama mtoto ana miaka 13 na hajamaliza hata wa tatu, asiwekwe pamoja na watoto wa miaka 8, maana aibu itamtoa ndani ya wiki mbili. Kwa hao kuna vituo vya kukamata masomo, ambavyo vinabana miaka 6 ya shule ya msingi katika miaka 3. Wazazi wengi hawavijui. Konseye anapaswa kuvijua vyote vilivyo karibu, na kujua pia ni kipi bado kina nafasi.

Ya pili ni kusikiliza. Hapa watu wanafikiri ni kazi ya kuongea sana, kutoa mashauri mengi. Sivyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa moyo kwa watu waliopita kwenye hatari, na kiini chake ni vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mwongozo huo unasema pia kwamba usimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata. Hilo nalikazia, kwa sababu nimeona mahali pengi mtoto akiitwa mbele ya wageni aeleze namna baba yake alivyokufa, halafu watu wanapiga makofi. Ndugu wafadhili, mnisamehe, ila mkitembelea shule msiombe simulizi za namna hiyo. Mtoto ataongea siku atakayotaka, na kwa mtu atakayemchagua. Kazi ya konseye ni kuwa pale siku hiyo.

Na watoto wengi hawaongei kwa mdomo. Mmoja analala kila siku kalasini kwa sababu usiku hapati usingizi. Mwingine mlango ukigongwa kwa nguvu anaingia chini ya meza. Mwingine alikuwa wa kwanza, sasa anapigana kila mapumziko. Direkta wa nidhamu anaona utovu wa adabu, na si kosa lake, ndiyo kazi aliyopewa. Konseye anauliza: hii ilianza lini, na kabla yake kulitokea nini?

Ya tatu ni uelekezo wenyewe. Mnajua mpango wa masomo: miaka 6 ya msingi, halafu wa saba na wa nane, halafu miaka 4 ya sekondari hadi Egzeta. Mtoto akimaliza wa nane anachagua opsioni: pedagojia, komersiale, sayansi, umeme, mekanika, ujenzi, kilimo, ushonaji. Uchaguzi huo unambeba miaka 4. Mara nyingi kwetu unafanywaje? Opsioni ni ile iliyo kwenye shule ya karibu, au ile yenye minervali ndogo, au ile rafiki alikoenda. Msichana anapelekwa ushonaji kwa kuwa ni msichana. Konseye anapaswa kukutana na kila mtoto wa nane kabla mwaka haujaisha, aangalie pointi zake, amuulize anapenda nini, halafu aite mzazi wakae watatu. Na amwambie mzazi ukweli wa soko pia. Goma inajengwa upya kila baada ya balaa. Fundi wa umeme na fundi ujenzi wanaojua kazi hawakai bure muda mrefu. Si kila kijana lazima apite chuo kikuu. Kuna vijana waliopata ufundi pale Don Bosco Ngangi na leo wanalisha familia.

Ya nne ni kuunganisha. Konseye si daktari, si mwanasheria, si pasta. Anapaswa kujua mipaka yake na kujua mlango wa kila msaada. Mtoto anayesikia sauti, au ambaye hali wala halali kwa wiki nyingi, apelekwe kwa wataalamu wa akili. Hapa mjini tuko na kituo cha Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo. Mtoto aliyetengana na wazazi, Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta familia. Kijana aliyetoka kwenye kikundi cha silaha, yako mashirika ya hapa, kama CAJED, yanayojua namna ya kumpokea bila kumwonyesha kidole.

Na mtoto aliyebakwa: hapa wazazi wangu naomba tusikilizane vizuri. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Kwa hiyo hakuna kungoja baraza la familia, hakuna kungoja Jumapili. Konseye akiambiwa jambo hilo Jumatatu asubuhi, mtoto awe hospitali Jumatatu ile ile, HEAL Africa au hospitali nyingine inayotoa huduma hiyo. Karatasi na mashtaka vitafuata. Na tusidanganyane juu ya mbuzi na pesa za kupatana: sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji haziruhusu kosa hilo limalizwe kwa faini ya mapatano. Konseye anayekubali kukaa katika kikao cha namna hiyo amemsaliti mtoto.

Ya tano ni kufuatilia. Kila wiki konseye aangalie kitabu cha mahudhurio: nani hakuja siku 3 mfululizo? Aende nyumbani, au atume mtu mtaani. Mara nyingi atakuta sababu iko wazi: mtoto anabeba mizigo sokoni Virunga, anachota maji ziwani na kuuza bidoni, analea wadogo wakati mama yuko shamba. Au ni msichana amebeba mimba na ameona haya. Jirani zetu wa Tanzania walibishana muda mrefu juu ya hao wasichana, hadi tarehe 24 Novemba 2021 serikali yao ilipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya serikali. Kwetu, tangazo peke yake halitoshi pia. Lazima mtu akae na msichana na mama yake wapange: nani atashika mtoto, vakasio ya asubuhi au ya mchana, atanyonyesha saa ngapi, na wenzake wakimcheka nani atasimama. Mtu huyo ni konseye.

Hizo ndizo kazi tano. Sasa nije kwenye fimbo na minervali.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inavyosema. Lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na walimu na wafanyakazi ambao hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali wanaishi kwa pesa hiyo ya wazazi. Fikirini basi: konseye asiyelipwa na serikali, mshahara wake unatoka kwenye minervali. Mwisho wa mwezi minervali haikuingia. Prefe anamwambia: "Pita kwenye kalasi, toa wale wenye deni." Atafanya nini? Atapita. Nimeona shule, sitaitaja, ambako konseye ndiye alikuwa anasoma majina ya wenye deni Jumatatu na kuwaita watoto "kuongea" Jumanne. Mlango wake haukugongwa na mtoto hata mmoja. Watoto wana akili. Hawapeleki kidonda kwa mtu aliyewafukuza jana.

Ni hivyo hivyo kwa fimbo. Mahali pengine konseye na direkta wa nidhamu ni mtu mmoja, kwa kuwa shule haina uwezo wa kuajiri wawili. Ninaelewa shida hiyo. Lakini mtoto anayejua kwamba maneno yake yanaweza kugeuka adhabu atasema tu yale yanayomfaa. Kama shule haiwezi kuajiri wa pili, afadhali kazi ya konseye apewe mwalimu mmoja anayependwa, apunguziwe saa za kufundisha, kuliko kumpa mwenye fimbo.

Kuna jambo la tatu linaloua kazi hii, na hili linatoka kwetu wazazi. Ni siri. Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu: "Mutoto ni wangu. Juu ya nini aambie mutu mwengine mambo ya nyumba, na miye nisiambiwe?" Ni swali la haki, na sitalipita mbali. Jibu langu ni hili. Konseye hafichi mtoto kwa mzazi wake. Anamtunzia mtoto nafasi ya kupumua. Yale mengi anayoyasikia ni ya kawaida: woga wa mtihani, ugomvi na rafiki, hasira kwa baba aliyeoa tena. Yakirudishwa nyumbani jioni ile, mtoto hataongea tena. Lakini siri hiyo ina mpaka, na mpaka unatajwa siku ya kwanza, mtoto akisikia kwa masikio yake: kama unataka kujiua au kumuumiza mtu, kama kuna mtu anakuumiza, au kama maisha yako yako hatarini, nitamwambia mtu mkubwa anayeweza kukulinda, na nitakujulisha kabla ya kusema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 17 mwenye ndevu naye ni mtoto mbele ya sheria hiyo, na kumwingiza jeshini au katika kikundi cha silaha ni marufuku. Konseye akisikia kwamba kuna mtu anawashawishi vijana wa shule, hawezi kunyamaza. Ila achague kwa akili atamwambia nani, kwa sababu katika mji wetu neno likipotea njia linaweza kuua.

Ndiyo maana daftari ya konseye iandikwe namba badala ya jina, ifungiwe ndani ya kabati, na ufunguo uwe mmoja.

Najua neno lingine linalosemwa kwenye viti vya nyuma: "Watoto wana njaa, na ninyi mnaleta maongezi." Ndugu zangu, ni kweli, maongezi hayajazi sufuria. Yuniforme nayo ina heshima yake. Mtoto aliyevaa nguo iliyochanika anajificha. Sisemi mfuko wote uende kwa konseye. Ninasema hivi: mwaka uliopita tulinunua yuniforme, na baadhi ya watoto waliozipokea wameacha shule wakizivaa. Nguo haikujua kwamba mtoto haonekani tena kalasini. Konseye angejua ndani ya siku 3, na angekuja kugonga mlango wa chama wakati bado kuna la kufanya. Faida yake kwa chama ni hiyo: pesa yetu inapata macho.

Sasa niongee na wafadhili. Tumezoea semina za siku 3, fulana, cheti, picha ya pamoja, halafu mradi unaisha. Semina ni nzuri kama kuna mtu atakayeitumia Jumatatu. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Hatuko huko. Tufanye hesabu yetu. Shule ya watoto 900, kila mtoto apewe dakika 20 tu kwa mwaka: ni saa 300. Konseye akipata saa 3 za kusikiliza kwa siku, ni siku 100 za shule. Inawezekana, lakini haiwezekani kwa mtu anayefundisha kalasi 4 na kukusanya deni mapumziko. Kwa hiyo lipeni muda wa mtu, mwaka mzima wa shule, kwa kiasi ambacho hakitegemei minervali. Lipeni mlango: chumba kidogo cha mbao kinatosha, watu wamwone mtoto kwa dirisha lakini wasimsikie, kwa usalama wa mtoto na wa konseye mwenyewe. Lipeni uniti za simu na moto wa kuzunguka mitaani. Na lipeni mtu mwenye ujuzi wa kumsikiliza konseye mara moja kwa mwezi, maana naye alikimbia, naye amezika. Anayebeba mizigo ya watu 900 bila kutua ataanguka.

Kwa wazazi na komite, ninapendekeza mambo manne ya kupigia kura leo. Moja: chama kianze na shule mbili tu, ambako watoto wetu ni wengi, na si shule kumi. Mbili: kabla ya senti kutoka, prefe au direkta atie sahihi kwamba konseye hatachapa, hatakusanya pesa, wala hatafukuza mtoto. Akivunja, msaada unasimama. Tatu: wazazi wawili wa chama, mama mmoja na papa mmoja, wakutane na konseye kila mwezi wapewe hesabu, bila majina: wangapi walipokelewa, wangapi waliacha, wangapi wamerudi, wangapi walipelekwa hospitali. Nne: mwisho wa mwaka tuulize watoto wenyewe, kwa karatasi isiyo na jina, swali moja: "Ukiwa na shida, ungeenda kwake?" Kama wengi watajibu hapana, tubadilishe mtu au tubadilishe mpango, tusione haya.

Kuna sehemu ambayo hakuna konseye atakayeifanya badala yetu. Jioni, mtoto akirudi, tusianze na "Umepata pointi ngapi?" Tuulize amekaa na nani, amecheka juu ya nini. Siku konseye akituita, twende, hata kama ni siku ya soko. Na tukisikia kwamba mtoto wa jirani anapelekwa kwa konseye, tusiseme ana wazimu. Nani kati yetu, baada ya njia tuliyopita, hahitaji mtu wa kumsikiliza?

Nimemaliza, wazazi wangu. Mama Prezida, ninakurudishia neno, na wenye maswali wainue mkono. Yale magumu ndiyo tuanze nayo.